Nyimbo laini za utotoni: Siri ya vibao vinavyowaliza watu wazima

MNAMO mwaka wa 1973, ndugu wawili wa Marekani, Richard na Karen Carpenter, walitoa wimbo uitwao Yesterday Once More. Unamhusu mtu mzima anayekumbuka alivyokuwa akijibanza kando ya redio utotoni, akisubiri vibao alivyovipenda vipigwe, na jinsi vibao hivyohivyo vinavyomtoa machozi vinaporejea miaka mingi baadaye.

Karen, aliyeuimba, alikuwa na umri wa miaka 23. Nyimbo alizokuwa akizililia hazikuwa kongwe. Nyingi zilikuwa zimetolewa miaka kumi hivi iliyotangulia. Upande mzima wa pili wa santuri ya Now & Then, ambamo wimbo huo ulitoka, ulijazwa vibao vya mwanzo wa miaka ya sitini vilivyounganishwa mithili ya kipindi cha redio, mtangazaji wake akiropoka katikati.

Tangu hapo nusu karne imepita. Aliyekuwa mtoto mwaka huo sasa ana mvi na pengine wajukuu, na wimbo ulioomboleza nyimbo za zamani umegeuka wenyewe kuwa wimbo wa zamani wa kuombolezwa. Huzuni hiyo ya kurithishana ndiyo inayoutofautisha muziki huu na aina nyingine za burudani zilizopita na kusahaulika.

Kiswahili hakijaupa muziki wenyewe jina moja lililokubalika. Hapa utaitwa roki laini: ni roki iliyopunguzwa makali, gita la umeme likirudishwa nyuma, kinanda na fidla zikiletwa mbele, na mwimbaji akiimba karibu na kipaza sauti kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja. Mada yake ni mapenzi, hasa yaliyoharibika.

Ulishamiri kati ya mwaka wa 1970 na katikati ya miaka ya themanini. Wapigaji wake walikuwa wengi: Bread na Chicago kutoka Marekani, 10cc kutoka Uingereza, Air Supply kutoka Australia, na wengine waliohamia huku kutoka muziki wa soul au wa kijijini, kama vile Lionel Richie na Kenny Rogers. Wawili hawa walikutana mwaka wa 1980 katika wimbo Lady, ambao Richie aliutunga na Rogers akauimba. Ulikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki sita.

Nyumba ya muziki huu ilikuwa redio. Jarida la Billboard lilikuwa limeanzisha orodha ya pekee ya nyimbo tulivu tangu Julai 1961, kwa ajili ya vituo ambavyo wasikilizaji wake hawakutaka kelele za roki. Mwaka wa 1979 orodha hiyo ilipewa jina jipya lililotaja watu wazima waziwazi. Walengwa walikuwa mama aliye jikoni, karani aliye ofisini na dereva aliye njiani. Mtoto hakuhesabiwa, ila alikuwapo, kwenye kiti cha nyuma au chini ya meza.

Wahakiki waliudharau muziki huu tangu mwanzo. Kwao roki ilikuwa sauti ya uasi, na nyimbo hizi hazikumwasi mtu. Rais Richard Nixon alipowaalika akina Carpenter kutumbuiza katika Ikulu ya Marekani Mei 1973, heshima hiyo haikuwaongezea sifa machoni pa vijana waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam. Wanaume hasa waliona haya kukiri kwamba waliupenda. Kanda hizo zilifichwa chini ya nyingine.

Ni kweli kwamba baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa sharubati tupu, sukari bila tunda. Lakini anayedhani zilitengenezwa kwa uvivu hajui zilivyopikwa.

Mfano mzuri ni wimbo wa 10cc wa mwaka wa 1975, I'm Not in Love, uliorekodiwa katika studio ya kundi hilo mjini Stockport, karibu na Manchester. Badala ya kutumia ala, wanamuziki watatu waliimba sauti moja ya "aaa" kwa kila noti, wakairudia mara 16, hadi kila noti ikawa na waimbaji 48. Kila noti iliwekwa kwenye ukanda wake uliofungwa mduara ili isikatike. Kisha wanne wao wakaketi kwenye mitambo na kupandisha na kushusha noti hizo kwa vidole, kama mtu anayepiga kinanda kilichoundwa kwa pumzi za watu.

Mnong'ono wa mwanamke unaosikika katikati ya wimbo huo ulikuwa wa katibu wa studio, Kathy Redfern, ambaye sauti yake ya upole waliikumbuka walipokuwa wakitafuta cha kujaza pengo. Wimbo ulishika nambari moja Uingereza na nambari mbili Marekani.

Nao ndugu Carpenter walikuwa na desturi ya kuziimba sauti zote za kiitikio wao wawili tu, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa kwaya. Karen alianza kama mpiga ngoma, na hadi mwisho alijiona hivyo zaidi ya mwimbaji. Ilhali ni sauti yake, nzito na ya chini kuliko ilivyozoeleka kwa waimbaji wanawake wa redio, iliyoyapa maneno mepesi uzito ambao pengine hayakustahili. Kibao chao cha 1970, We've Only Just Begun, kilichoimbwa katika harusi zisizohesabika, kilizaliwa kama tangazo la runinga la benki moja ya California. Mtunzi wa maneno, Paul Williams, na mwenzake Roger Nichols walikuwa wameagizwa kuwavutia maharusi wafungue akaunti.

Hilo halikuwapunguzia maharusi raha. Msikilizaji wa roki laini hajali wimbo ulitoka wapi; hujali ulipomkuta.

Hali hiyo ni bayana zaidi katika wimbo wa Bread, Everything I Own, wa mwaka wa 1972. Wengi waliusikia kama kilio cha mpenzi aliyeachwa. Mtunzi wake, David Gates, alikuwa akimkumbuka baba yake aliyefariki kabla ya kumwona mwanawe akifanikiwa. Ken Boothe wa Jamaika aliuimba kwa mtindo wa rege na kuufikisha nambari moja Uingereza mwaka wa 1974, na Boy George akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1987. Mara tatu ulimwengu uliucheza kama wimbo wa mahaba, na mara tatu ulikuwa wimbo wa matanga. Aliyeusikia utotoni, kisha akazika mzazi, huutambua upya bila kuelezwa na mtu.

Nchini Kenya nyimbo hizi ziliingia kupitia matangazo ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, jina ambalo shirika la utangazaji la taifa lilipewa mwaka wa 1964 kabla ya kurejea kuitwa KBC mwaka wa 1989. Hadi vituo vya kibinafsi vya FM vilipoanza kuchipuka katika miaka ya tisini, msikilizaji hakuwa na mengi ya kuchagua. Kwa kawaida redio ilikuwa moja nyumbani, aliyeruhusiwa kuigusa ni baba, na betri zilipoishiwa nguvu zilianikwa juani ili zitoe angalau taarifa ya habari ya jioni. Kilichopigwa ndicho kilichosikika.

Kipindi cha Sundowner cha Idhaa ya Kiingereza ya KBC, kwa mfano, kilijijengea jina kwa muziki wa aina hii hasa. Kwa familia nyingi za mijini na hata mashambani, sauti hizo za mbali zilichanganyika na harufu ya mafuta ya taa, ya chapati, na ya sare ya shule inayopigwa pasi ya makaa.

Mtoto wa Kenya alikuwa na jambo moja zaidi ambalo mwenzake wa California hakuwa nalo: hakuyaelewa maneno. Kiingereza kilikuwa lugha ya darasani, na Kiingereza cha Air Supply hakikufanana na cha mwalimu. Alijitungia silabi zake, akaziimba kwa imani kamili, na akajua tu kwamba mtu fulani mahali fulani amehuzunika. Alipokua na kuyaelewa maneno, mara nyingine alisikitika kugundua kwamba yalikuwa ya kawaida mno kuliko alivyoyadhania.

Ni lazima pia kutaja muziki wa kijijini wa Marekani, kwa kuwa sikio la Mkenya halikutenganisha mambo hayo kama maduka ya santuri yalivyofanya. Jim Reeves alikufa mnamo Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville, akiwa na umri wa miaka 40. Hata hivyo, sauti yake iliyorekodiwa kwa upole na kuzungushiwa fidla iliendelea kuishi katika nyumba za Kenya kwa miongo kadhaa, hasa eneo la Mlima Kenya na Bonde la Ufa. Don Williams naye aliwaimbia mashabiki wake wa Zimbabwe mjini Harare mwaka wa 1997, na filamu ya ziara hiyo ni ushahidi wa jinsi umati wa Afrika ulivyozijua nyimbo zake neno kwa neno.

Wapo wanaohoji kwa nini Mkenya azililie nyimbo za wageni ilhali ana zake. Swali hilo si la kupuuzwa. Kiswahili kina neno zuri kuliko lolote la Kiingereza katika uwanja huu, zilizopendwa, na chini ya neno hilo wamo akina Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka. Lakini mtoto hakuchagua. Moyo wake haukuuliza wimbo umetoka Nairobi au Los Angeles; ulipokea ulichopewa, na mara nyingi vyote viwili vilitoka katika spika ileile, saa moja baada ya nyingine.

Kuna upande mwingine wa nyimbo hizi ambao wasikilizaji hawakuujua walipokuwa wadogo, nao ni bei waliyoilipa baadhi ya waliozitunga.

Without You, wimbo ambao Harry Nilsson aliufikisha nambari moja Marekani na Uingereza mwaka wa 1972, haukuwa wake. Ulitungwa na Pete Ham na Tom Evans wa kundi la Badfinger la Uingereza, waliouweka kwenye santuri yao ya mwaka wa 1970. Ham alikuwa na beti zisizo na kiitikio kizuri, Evans alikuwa na kiitikio kisicho na beti, wakaviunganisha. Dunia ilipokuwa ikiuimba, mambo ya fedha ya kundi hilo yalikuwa yakiporomoka. Ham alijitoa uhai Aprili 1975, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28. Evans, baada ya miaka ya mivutano kuhusu mirabaha ya wimbo huohuo, alijitoa uhai Novemba 1983. Mariah Carey alipouimba tena mwaka wa 1994 na kuurejesha kileleni Uingereza, wote wawili walikuwa kaburini.

Karen Carpenter aliaga dunia mnamo Februari 4, 1983, akiwa na umri wa miaka 32. Moyo wake ulishindwa baada ya miaka mingi ya ugonjwa wa kujinyima chakula, ugonjwa ambao wakati huo watu wachache tu nje ya hospitali walikuwa wamewahi kuusikia ukitajwa. Kifo chake ndicho kilichoutangaza. Anayeisikiliza leo sauti iliyoitwa tamu kupita kiasi husikia jambo ambalo wahakiki wa mwaka wa 1973 hawakulisikia, ingawa lilikuwamo tangu awali.

Muziki wenyewe ulififia polepole. Mwaka wa 1981 Christopher Cross alitwaa tuzo zote nne kuu za Grammy kwa usiku mmoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Agosti ya mwaka huohuo runinga ya MTV ilianza, na tangu hapo mwimbaji alihitaji sura na miondoko, si koo pekee. Miaka ya tisini ilileta gita za hasira na roki laini ikawa kichekesho.

Kisha ikarejea kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 1994 makundi ya roki kali, Sonic Youth miongoni mwao, yalirekodi santuri nzima ya nyimbo za Carpenters, nusu kwa dhihaka na nusu kwa mapenzi. Mwaka wa 2005 vijana wa Los Angeles walitunga mfululizo wa filamu fupi za kuchekesha kwenye intaneti, wakaubatiza upande mmoja wa muziki huu "yacht rock", yaani roki ya mashua za kifahari. Mzaha uliota mizizi. Waliocheka walijikuta wakisikiliza, na siku hizi jina hilo ni la sifa.

Kwa nini basi nyimbo hizi zing'ang'anie moyoni? Jibu la zamani kabisa linatoka Uswisi. Mwaka wa 1688 mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Johannes Hofer, aliunda neno nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu. Kwake lilikuwa jina la ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao. Karne iliyofuata Jean-Jacques Rousseau alisimulia, katika kamusi yake ya muziki ya 1768, kwamba askari wa Uswisi waliokuwa ugenini walipigwa marufuku kucheza wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa kwao, kwa kuwa uliwafanya walie, watoroke au wafe.

Rousseau aliongeza jambo la maana zaidi. Aliuchunguza wimbo huo na hakuona ndani yake chochote cha kuweza kuua mtu. Nguvu yake, alisema, haikuwa ya muziki bali ya kumbukumbu. Wimbo ulikuwa alama tu ya maisha waliyoyaacha.

Sayansi ya leo haijamkanusha. Inajulikana kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya kati ya umri wa miaka kumi na thelathini. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis alionyesha mwaka wa 2009 kwamba mtu anaposikia kibao kilichovuma alipokuwa na umri wa kati ya miaka minane na 18, na kibao hicho kikamgusa, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huamka, na sehemu hiyo inahusika na mtu kujifahamu yeye ni nani.

Utafiti ulioshangaza zaidi ni wa Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick, uliochapishwa mwaka wa 2013. Waliwasikilizisha vijana wa miaka 20 hivi vibao vilivyoongoza chati tangu mwaka wa 1955 hadi 2009. Ilitarajiwa kwamba wangeguswa na nyimbo za rika lao. Waliguswa, lakini pia waliguswa na nyimbo za mwanzo wa miaka ya themanini, zilizovuma kabla hawajazaliwa, wazazi wao walipokuwa vijana. Kulikuwa na kilele kingine kidogo katika miaka ya sitini, enzi ambayo huenda iliwafikia kupitia babu na nyanya.

Maana yake ni kwamba mtoto hurithi hata hamu isiyo yake. Anayedondokwa na machozi kwa wimbo wa mwaka wa 1978 huenda anamlilia mama aliyekuwa akiuimba chini kwa chini huku akichambua mchele, na wimbo ndio mlango pekee uliobaki wazi wa nyumba ile.

Wengine mlango huo huwabakia hata mingine yote ikifungwa. Glen Campbell alikuwa mpiga gita wa kukodiwa katika studio za Los Angeles kabla ya kuwa nyota. Wimbo wake wa mwaka wa 1968, Wichita Lineman, uliotungwa na Jimmy Webb, uliongoza orodha ya nyimbo za kijijini na pia ile ya muziki tulivu. Juni 2011 familia yake ilitangaza kwamba anaugua ugonjwa wa Alzheimer. Badala ya kujificha, alianza safari ya maonyesho ya kuaga ambayo iliendelea hadi mwishoni mwa mwaka wa 2012, huku filamu ikitengenezwa kuihusu.

Katika filamu hiyo, iliyotoka mwaka wa 2014, Campbell anaonekana akisahau mambo ya karibu kabisa. Jukwaani maneno ya nyimbo zake yaliwekwa kwenye kioo mbele yake ayasome. Vidole vyake havikuhitaji kioo. Vilipita kwenye nyuzi za gita kama vilivyopita miaka 40 iliyotangulia. Alifariki Agosti 8, 2017, akiwa na umri wa miaka 81.

Katika bendi iliyosimama nyuma yake usiku baada ya usiku walikuwamo watoto wake watatu, wote waliozaliwa miaka ya themanini. Binti yake Ashley alipiga banjo. Alipomwona baba yake amepotea njia katikati ya wimbo uliorekodiwa kabla yeye hajazaliwa, alimsogelea, akampigia mahali walipofika, naye mzee akaingia.